Kisu cha kwanza cha mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaoanza, na wanaowafundisha, Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa watu wawili: yule anayetaka kutengeneza kisu chake cha kwanza, na yule anayesimama pembeni yake kumwelekeza. Maswali ni yale yale yanayorudi kila mara, kuanzia Katuba hadi Ruashi. Njia inayofuatwa hapa ni moja tu, na imechaguliwa kwa sababu inawezekana kwenye uwanja wa nyumba yoyote: kisu kidogo cha jikoni, kilichokatwa na kuchongwa kwa tupa, kikatiwa ugumu kwa moto wa makala (makaa ya mti) na mafuta ya kula. Njia nyingine zipo. Anza na hii.

## Kabla ya kugusa chuma

Lazima kwanza niwe mhunzi, niwe na fuawe na nyundo nzito?

Hapana. Kisu kinaweza kupatikana kwa kuondoa chuma kisichotakiwa, bila kukifua hata kidogo. Unachora umbo, unakata, unapiga tupa mpaka kibaki kisu. Kufua ni ufundi wa pili, na anayejifunza ufundi wote wawili kwa pamoja huwa hajui kosa limetoka wapi: kwenye nyundo, kwenye moto au kwenye tupa. Kama hamu ya kufua haikuachi, angalia swali la kufua katika sehemu ya mwisho.

Hii si kazi ya Wazungu wa kwenye video?

Swali hili linashangaza kuulizwa Katanga. Kwenye bonde la Upemba, huko Kamilamba, kuna kaburi la karibu karne ya 8 ambamo mtu alizikwa na fuawe ya chuma na shoka la heshima. Makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yalitoa vitu vingi vya chuma na shaba vilipochimbuliwa mwaka 1957 na 1958. Waluba wanamkumbuka Kalala Ilunga kama mfalme aliyeuleta uhunzi. Tupa ya kiwandani na gundi ya mirija miwili ndivyo vigeni hapa. Kisu chenyewe si kigeni.

Nianze na kisu cha aina gani?

Kisu kidogo cha jikoni. Ubapa wa sentimita 9 au 10, urefu wote sentimita 20 au 21, unene wa milimita 2 hadi 3, upana wa milimita 25 hivi. Msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, uwe mpana, upite mpaka mwisho wa mpini, na mpini uwe vipande viwili vya mti vilivyobana chuma katikati. Kisu hicho kitakata mboga ya lengalenga, kitamenya vitunguu, kitapasua samaki wa tomsoni, na mama nyumbani atakitumia kila siku. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: kisu kinachotumika kila siku kinakuonyesha haraka kama makali ni manene, kama mpini unaumiza kidole, kama kutu inaingia.

Chora umbo kwenye kartoni ya biskuti, likate, lishike mkononi kama unakata kitu. Chora tena. Kartoni ni bure, na umbo lisilokaa vizuri kwenye kartoni halitakaa vizuri kwenye chuma. Epuka kona kali mahali ubapa unapokutana na msuka. Pazungushie kwa tupa ya duara, kwa sababu kona kali ndipo ufa unapoanzia wakati wa kuzima, yaani kutumbukiza chuma chekundu kwenye mafuta ili kishike ugumu.

Nahitaji vifaa gani?

Tupa mbili bapa, moja ya meno makubwa na moja ya meno laini, na tupa ndogo ya duara. Msumeno wa chuma wenye meno mapya. Jiriwa, au ubao imara na vibanio viwili. Mashine ya kutoboa, hata ya kuazima kwa saa moja. Msasa wa namba 120, 220 na 400. Sumaku kutoka kwenye spika iliyokufa. Koleo refu. Miwani ya kukinga macho, na hii usiiazime, inunue iwe yako.

Pesa ikiwa kidogo, itumie yote kwenye tupa. Tupa mbovu inateleza, mtu anakandamiza, mkono unachoka, na mwisho anasema kazi hii haimfai. Kwenye masoko ya hapa mjini, la Kenya na la Njanja, utapata za kila bei. Ijaribu kwa kidole kikavu kabla ya kulipa, meno yakushike. Tupa zilizokwisha tumika na zikapakwa rangi upya zipo nyingi sokoni.

Itachukua muda gani?

Jumamosi kadhaa. Anayesema atamaliza kwa siku moja anafikiria mashine ya diski, ile ya umeme ya kukatia na kusagia chuma, na jibu lake liko katika sehemu ya tupa.

Na umeme ukikatika?

Kazi inaendelea. Ni kutoboa tundu tu kunakohitaji umeme katika njia hii, na hata hilo linafanyika kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono.

## Chuma

Nitumie chuma gani, na nikipate wapi?

Unatafuta chuma chenye kaboni ya kutosha kushika ugumu, yaani karibu asilimia 0.5 kwenda juu. Kwenye mji uliojaa malori ya migodi, kinachopatikana kwa urahisi ni resori (springi) za gari: zile bapa za nyuma au zile za mviringo. Zina kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.6 na kromu kidogo, zinazimwa kwa mafuta bila matata, na zinasamehe moto usio sawasawa. Nenda kwenye garaje, uliza iliyovunjika, ila soma kwanza swali lake katika sehemu ya mwisho. Wengi watakupa kwa bei ya chuma chakavu.

Tatizo la resori bapa ni unene. Nyingi zina milimita 6 hadi 8, na kuitoa milimita 7 mpaka 3 kwa tupa ni adhabu, si mafunzo. Njia mbili: mpelekee mhunzi anayetengeneza majembe aipige mpaka ibaki milimita 3 au 4, au tafuta msumeno mkubwa wa zamani wa kupasulia mbao, ambao tayari ni mwembamba. Misumeno ya duara yenye vipande vidogo vya chuma kigumu vilivyochomelewa kwenye meno iache, kwa sababu mwili wake si lazima uwe wa chuma kinachoshika ugumu.

Nitajuaje kwamba chuma hiki kinafaa kabla sijakifanyia kazi wiki nzima?

Kuna vipimo viwili, na cha pili ndicho cha kuamini.

Cha kwanza ni cheche. Kiguse kwenye jiwe la kunolea linalozunguka. Chuma chenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi. Chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka na kugawanyika mara nyingi. Weka nondo kando yake ulinganishe. Bila kulinganisha utajidanganya.

Cha pili: kata kipande cha upana wa kidole, kipashe moto mpaka sumaku isikishike, kizime kwenye mafuta, kisha kipige tupa. Tupa ikiteleza bila kukwaruza, chuma kimeshika ugumu. Kifunge kitambaa, kibane kwenye jiriwa, kivunje kwa nyundo ukiwa umevaa miwani. Kikivunjika na ndani yake kuonyesha chembe ndogo za kijivu, laini kama hariri, umepata chuma na pia umepata joto sahihi. Chembe kubwa zinazometameta maana yake chuma kinaweza kuwa kizuri ila umekichoma kupita kiasi.

Kila mwanafunzi afanye kipimo cha pili, hata kama mwalimu anakijua chuma hicho miaka mingi. Ni hapo anapoona kwa macho yake moto unafanya nini.

Nondo ya ujenzi je?

Kaboni yake kwa kawaida ni kidogo mno. Itakuwa na umbo la kisu, itang'aa, itakata nyanya siku moja.

Kwa nini tusitumie shaba? Tuko Katanga.

Shaba haishiki ugumu kwa moto. Inaongezeka ugumu kidogo ikipigwa nyundo, lakini makali yake yanalala upesi. Misalaba ya shaba ya zamani ya huku ilikuwa mali na fedha, haikuwa kifaa cha kukatia. Shaba ina nafasi yake kwenye kisu, na nafasi hiyo ni mpini: angalia swali la misumari ya shaba.

Tupa haiingii kabisa kwenye resori. Nimekosea?

Hujakosea. Resori imeshatiwa ugumu kiwandani. Ilainishe kwanza: ipashe moto mpaka sumaku iachie, kisha ifukie kwenye majivu makavu mengi na uiache mpaka asubuhi. Ikipoa polepole hivyo, tupa itaingia. Ikiwa imepinda, inyooshe wakati ni nyekundu, kabla ya kuifukia.

## Tupa

Nashikaje tupa?

Simama mguu mmoja mbele. Tupa inakata ikisukumwa mbele, ukiirudisha, inyanyue. Kuiburuza kurudi nyuma kunaua meno yake. Sukuma kwa mwili, si kwa kiwiko. Paka chaki kwenye meno ili vumbi la chuma lisijazane, na lisafishe kwa brashi ya waya. Kifaa cha kazi kiwe kwenye kimo cha kiwiko chako: chini ya hapo utaumwa na mgongo, juu ya hapo hutaona unachofanya.

Nawezaje kupata katikati ya makali?

Laza kisu juu ya meza bapa. Chukua ncha ya kutobolea yenye unene sawa na chuma chako (chuma cha milimita 3, ncha ya milimita 3), ilaze juu ya meza hiyo hiyo, uburuze kilele chake kando ya ukingo wa kisu. Itaacha mstari katikati kabisa. Paka ukingo wino wa kalamu nene kwanza ili mstari uonekane. Geuza kisu, rudia. Mistari miwili ikikaa karibu sana, katikati ni kati yao. Ujanja huu hauna gharama na unaokoa visu vingi vyenye makali yaliyolalia upande mmoja.

Miteremko ya pande mbili inayoshuka kwenye makali hailingani. Nifanyeje?

Hesabu mipigo. Piga upande mmoja mara ishirini, geuza, ishirini tena. Wengi humaliza upande mmoja kwanza kwa sababu unapendeza, kisha upande wa pili unaufuata bila kuufikia. Mpako wa wino husaidia hapa pia: pale wino unapobaki, tupa haijafika.

Mkono ukiyumba na mteremko ukawa wa mviringo, tengeneza kiongozi: ubao wenye fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye mpini wa tupa, ikipita kwenye tundu la skrubu ya jicho, ili pembe isibadilike. Ni halali kabisa. Kuna mafundi wanaoona ni aibu, lakini mimi naona aibu ni kumvunja moyo mtu kwa ajili ya kiburi cha mkono mtupu.

Makali yawe membamba kiasi gani kabla ya moto?

Acha milimita 1 hivi. Yakiwa membamba zaidi yanajikunja au kupasuka yanapozimwa, na moto unakula kaboni ya juu. Matundu ya mpini toboa sasa, kabla ya moto. Baadaye ncha ya kutobolea itavunjika. Futa pia mikwaruzo mirefu inayokata ubapa kwa upana, kwa sababu hizo nazo huanzisha ufa. Msasa wa 120 ukipigwa kwa urefu wa kisu unatosha.

Si bora nitumie mashine ya diski?

Kukata umbo la nje, sawa. Kutengeneza mteremko kwenye kisu cha kwanza, hapana. Mashine inaondoa chuma haraka kuliko jicho geni linavyoona, na diski ikipasuka haina msamaha. Tupa inakosea polepole, na kosa linaonekana wakati bado linarekebishika.

## Moto

Mbabula (jiko la makala) ya nyumbani inatosha?

Kwa kisu cha sentimita 20, inatosha ikipata upepo. Makala ya mti mgumu ni moto mzuri sana kwa kazi hii. Ingiza bomba la chuma chini, lipulizwe na mvukuto, pampu, au kile kifaa cha kukaushia nywele kikiwa kwenye nguvu ndogo. Bomba lisiwe la chuma kilichopakwa zinki. Sababu iko katika sehemu ya mwisho.

Shida ya mbabula ni kwamba ncha ya kisu inawaka kabla ya mgongo kupata joto. Laza kipande cha bomba pana katikati ya makala, kisu kiingie ndani ya bomba hilo. Joto linakuwa sawa na hewa haikipulizi moja kwa moja. Kisogeze mbele na nyuma, usikiache kimelala.

Fanya kazi nje. Makala ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua.

Nitajuaje kisu kimefika?

Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770. Kwa kuzima unahitaji zaidi kidogo, kati ya 800 na 850. Gusa kisu na sumaku. Ikiachia, kirudishe motoni mpaka wekundu uongezeke kidogo, subiri rangi iwe sawa urefu wote wa ubapa, kisha zima.

Fanya jioni au kivulini. Jua la saa sita linaficha wekundu, na mtu anajikuta amepasha chuma kupita kiasi akidhani bado.

Kabla ya kuzima, nashauri kupasha mpaka sumaku iachie na kuacha kipoe hewani, mara tatu. Hilo linarudisha chembe za chuma kuwa ndogo, hasa kama chuma kilipitia mikononi mwa mhunzi.

Nizime kwa maji au mafuta? Mafuta gani?

Mafuta. Maji yanapoza haraka mno kwa chuma cha resori, na mlio mdogo wa "tik" utakaousikia ni kisu kupasuka. Mafuta ya kula ya aina yoyote yanafaa, lita tatu au nne kwenye mkebe wa chuma mrefu kuliko kisu. Mafuta ya ngazi (mawese) yanafanya kazi, ila Juni na Julai asubuhi utayakuta yameganda. Hata hivyo mafuta yote yanapashwa kwanza mpaka nyuzi 50 au 60, yaani ya moto lakini mbali sana na kutoa moshi: mafuta ya uvuguvugu ni mepesi na yanapoza vizuri kuliko ya baridi.

Mafuta machafu ya injini yaache. Moshi wake una sumu, na kisu hiki kitaingia jikoni.

Ndoo isiwe ya plastiki. Mfuniko wa chuma uwe karibu: mafuta yakishika moto, yafunike. Usiyamwagie maji hata kidogo. Kisu kiingie wima, ncha kwanza, bila kusita, kisha kisogezwe mbele na nyuma kama kinakata mafuta. Ukikitikisa kwenda pembeni, kitapinda.

Kimetoka kimepinda. Nitupe?

Ukiona mara tu kinapotoka, bado cha moto, kibane haraka kati ya mbao mbili nene uache kipoe hapo. Kikishapoa kabisa usikikunje, kitavunjika. Rudia kukipasha na kukizima, au kinyooshe kidogo baada ya kukituliza (angalia swali la kutuliza hapa chini). Kikiwa na ufa, hicho kimekwisha. Ufa hauzibiki. Kifungie kamba ukining'inize ukutani, kisha anza kingine kwa kartoni ile ile.

Tupa bado inakwaruza baada ya kuzima.

Kwanza, piga tupa mara chache zaidi mahali pamoja: tabaka la juu lililopoteza kaboni ni laini, na chini yake panaweza kuwa pagumu. Kama hata ndani ni laini, ama joto halikufika, ama ulichelewa kati ya moto na mafuta, ama chuma hakifai. Kama ulifanya kipimo cha kuvunja mwanzoni, sababu ya tatu haipo, na unabaki na mbili tu za kurekebisha.

Kutuliza ni nini, na nitafanyaje bila oveni?

Kisu kilichotoka kuzimwa ni kigumu na kinavunjika ovyo. Kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande. Kukituliza ni kukipasha tena kwa joto dogo, nyuzi 200 hadi 220, kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Fanya siku hiyo hiyo, usilale nacho.

Oveni ya umeme ni nzuri kama umeme unadumu. Bila hiyo: sufuria nzito yenye mchanga mkavu juu ya mbabula yenye makala machache, na kipimajoto cha oveni kando ya kisu. Ng'arisha ubapa kwa msasa kabla, rangi ikuongoze. Manjano ya majani makavu ndiyo unayotaka. Kahawia bado inavumilika kwa kisu cha kazi nzito. Zambarau na buluu: umepita, ugumu mwingi umeondoka, na dawa ni kurudia kuzima tangu mwanzo. Tanuri ya mwoka mikate nayo inafaa baada ya moto wake kupungua, mradi mwenyewe akubali na upime joto kabla ya kuingiza kisu.

## Mpini na makali

Mti gani?

Mgumu na mkavu. Mubanga, mulombwa, mukula, yote yanafaa, na huna haja ya kununua ubao: vipande vinavyotupwa kwa seremala vinatosha mipini mingi. Mti mbichi utasinyaa na kuachana na chuma. Vumbi la miti hii linawasha pua na koo, kwa hiyo funga kitambaa au vaa barakoa.

Misumari ya shaba inawekwaje?

Waya nene ya shaba, milimita 4 hivi, tundu la kipimo hicho hicho. Ipashe shaba mpaka iwe nyekundu hafifu, itie majini, itakuwa laini: kinyume kabisa na chuma. Kata ibaki milimita 2 kila upande, piga kichwa chake kwa nyundo ndogo kwa mapigo mengi mepesi. Pigo zito linapasua mti.

Uliza waya imetoka wapi. Kebo za umeme zinaibwa mjini na mtaa mzima unabaki gizani. Fundi umeme unayemfahamu huwa na mabaki halali.

Gundi ya mirija miwili ichanganywe sawa kwa sawa, kwenye chuma na mti vilivyokwaruzwa kwa msasa na kufutwa mafuta. Usibane kwa nguvu zote, gundi yote itatoka. Wakati wote huu makali yawe yamefungwa kartoni na utepe: watu wengi hukatwa na kisu chao wakati wa kusugua mpini.

Ninoe kwa pembe gani?

Nyuzi 20 kila upande. Kwa kisu chenye upana wa milimita 25, mgongo unyanyuke juu ya kinoo karibu milimita 8 na nusu. Pima mara moja kwa rula, mkono utakumbuka. Anza na upande wa kinoo wenye chembe kubwa mpaka usikie kwa kidole ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili, urefu wote. Geuza. Malizia upande laini, kisha mkanda wa ngozi. Ukitumia jiwe la umeme, chovya kisu majini kila mara. Rangi ya buluu kwenye makali maana yake umeyalegeza.

Kitashika kutu?

Ndiyo, chuma hiki si kile cha vijiko. Kioshe, kifute, kipake mafuta ya kula kidogo, hasa kati ya Novemba na Aprili. Rangi ya kijivu itakayoletwa na vitunguu na ndimu si kutu, na inakilinda.

## Kwa anayefundisha

Nichukue tupa yake lini nimwonyeshe?

Karibu usiichukue. Chukua kipande kingine cha chuma, onyesha kwenye hicho, yeye arudi kwenye chake. Ukipiga tupa kwenye kisu chake hata mara kumi, kisu kinakuwa chako, na anajua. Pale tu panapoelekea hatari, yaani moto, mafuta na mashine ya kutoboa, mkono wako uingie bila kuomba ruhusa. Kisu kishikwe kwa kibanio wakati wa kutoboa. Kikizunguka na ncha, kinakata vidole.

Kazi yako nyingine ni kuuliza. "Upande huu umepiga mara ngapi?" inafundisha kuliko "upande huu ni mbaya, mdogo wangu."

Anataka kuanza na upanga kama wa sinema.

Mwambie sawa, yaya, baada ya hiki. Upanga hauingii kwenye mbabula, unahitaji lita nyingi za mafuta, na unapinda. Akishapitia kuzima kisu kidogo, yeye mwenyewe atapunguza urefu bila kuambiwa.

Mtoto wa miaka 12 anaweza?

Tupa, msasa na kuchora, ndiyo, ukiwa hapo. Moto na kuzima atazame akiwa amevaa miwani, hatua kadhaa nyuma.

Anaambiwa jambo lingine na papa fundi wa mtaani.

Mafundi hutofautiana, na mara nyingi wote wako sahihi kwa chuma chao. Anayezima kwa maji pengine anatumia chuma chenye kaboni kidogo zaidi. Badala ya kubishana, kateni vipande viwili vya chuma hicho hicho, kimoja kwa maji, kingine kwa mafuta, mvunje vyote mbele ya mwanafunzi.

Anataka kuuza kisu cha kwanza.

Akitumie kwanza yeye. Cha pili au cha tatu, kama kimeshakaa jikoni mwezi bila mpini kulegea, mteja anaweza kukilipia.

## Hali zisizo za kawaida

Naweza kupasha chuma kilichopakwa zinki, kama bomba la maji au bati?

Hapana. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa, baridi na kifua kubana saa chache baadaye. Hili linahusu pia bomba la kupulizia na lile la kuingiza kisu.

Tupa kuukuu inaweza kuwa kisu?

Inaweza, ina kaboni nyingi, asilimia 1 au zaidi. Lakini zipo tupa za bei rahisi ambazo ni ngumu juu tu, kwa hiyo vunja kipande kwanza. Meno yasagwe yaishe kabisa kabla ya moto, kila jino lililobaki ni mlango wa ufa.

Resori niliyopewa ilivunjika garini. Kuna ubaya?

Upo. Iliyovunjika mahali pamoja huwa na nyufa ndogo mahali pengine, na hazionekani mpaka siku ya kuzima. Kata mbali na palipovunjika. Ing'arishe, ipake mafuta mepesi, ifute, ipake chaki: mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatajitokeza kama mstari mweusi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua jani fupi la resori lisilobeba mzigo mwingi.

Nimemaliza kisu kimoja kwa tupa. Sasa naweza kufua?

Sasa ndiyo. Tafuta mhunzi, kaa kwake siku kadhaa ukipuliza mvukuto kabla ya kushika nyundo. Leta kisu chako: atakigonga kwa kucha, ataangalia makali kwenye mwanga, na atajua tangu hapo akuanzishie wapi.